Shetani mkuu si mungu mdogo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu michezo ya kuigiza ya kifantasia ilieleza vizuri kazi ya msimamizi wa mchezo na jinsi dadu zinavyoamua mambo. Ilipofika kwa mashetani wakuu wa Dungeons & Dragons, iliteleza. Mwandishi aliwaita miungu wa daraja la chini, na ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: wana pointi za uhai (kiasi cha madhara ambacho kiumbe hustahimili kabla ya kushindwa) nyingi kuliko karibu kila kiumbe ambaye wachezaji watakutana naye. Naomba nafasi nilipinge hilo, kwa sababu msimamizi atakayelifuata atakwama katikati ya kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, tena mahali ambapo ni vigumu kurudi nyuma bila kumpokonya mchezaji kitu alichokwisha ahidiwa.

Tuanze na hizo pointi. Kitabu cha viumbe cha 1977 kilimpa Asmodeus, mtawala wa Jehanamu Tisa, yaani matabaka tisa wanamoishi mashetani, pointi 199. Watawala wa matabaka walio chini yake walipewa pungufu: Baalzebul 166, Dispater 144 na Geryon 133. Katika kurasa za kitabu hichohicho Demogorgon, mkuu wa mapepo, alikuwa na 200, na Tiamat, joka mwenye vichwa vitano, alikuwa na 128 tu. Mwaka 1980 kikatoka kitabu cha miungu, na Zeus akaandikiwa 400. Anayesoma namba hizo peke yake anaweza kudhani kwamba ameuona mpaka: miungu huko juu, mashetani katikati, wengine wote chini.

Sasa alinganishe na toleo la tano la kanuni za mchezo. Tiamat wa 2014 ni mungu, ana pointi 615 na daraja la ugumu (kipimo cha jinsi kiumbe alivyo mgumu kushindwa) 30. Zariel, shetani mkuu wa Avernus, takwimu zake zilipochapishwa mwaka 2018 alipewa pointi 580 na daraja 26. Pengo kati yao ni pointi 35, ambazo mpiganaji mmoja wa ngazi ya 20, ya juu kabisa kwa mchezaji, anaweza kuzimaliza katika zamu moja. Na Tiamat kafungwa wapi? Avernus, tabaka la kwanza la Jehanamu Tisa, ambalo Zariel ndiye mtawala wake. Mungu yuko kifungoni katika eneo la kiumbe asiye mungu. Kama pointi za uhai ndizo zingekuwa kipimo cha uungu, hali hiyo isingewezekana kabisa.

Kipimo chenyewe kiliandikwa waziwazi katika toleo la tatu, na mpaka leo sijaona kingine kinachomfaa msimamizi kuliko hicho. Kanuni za miungu za 2002 ziliweka ngazi za uungu. Mwenye ngazi 0 hafi kwa uzee na anaweza kuwa na waumini, ila hana uwezo wa kuwapa makuhani wake uchawi. Ngazi ya 1 hadi 5 ni nusu-mungu, 6 hadi 10 ni mungu mdogo, 11 hadi 15 ni wa kati, 16 hadi 20 ni mkubwa. Juu ya 20 wapo wasiojishughulisha na waumini wala kujibu maombi.

Tazama kila ngazi inaleta nini mezani. Nusu-mungu huhisi tukio lolote linalohusu mamlaka yake pale linapogusa watu 1,000 au zaidi. Kwa mungu mdogo watu 500 wanatosha. Mungu wa kati hana haja ya idadi, na huona pia yaliyopita, wiki moja kwa kila ngazi ya uungu aliyo nayo. Mkubwa huona nyuma na mbele kwa kipimo hichohicho. Kuanzia ngazi ya 1 ya uungu, dadu ya pande ishirini ikionyesha 1, mungu hahesabiwi kuwa ameshindwa papo hapo. Na kuanzia ngazi ya 16, kila pigo na kila jaribio la kujinusuru huhesabiwa kana kwamba imetoka 20. Dadu hurushwa tu ili kuona kama pigo limekuwa la kishindo zaidi ya kawaida.

Mwaka huohuo wa 2002 mashetani wakuu walichapishwa katika kitabu kingine, bila ngazi hata moja ya uungu. Asmodeus mwenyewe aliwekwa katika daraja la ugumu 32. Anatisha, hilo halina ubishi, lakini dadu yake ya pigo ikitoa 1 amekosa, sawasawa na goblini, kiumbe dhaifu, wa mlango wa kwanza. Hapo ndipo ulipo mpaka. Mungu mkubwa hana bahati mbaya. Shetani mkuu anayo, na wachezaji wana haki ya kuiona ikitokea mbele ya macho yao.

Sehemu ya pili ya kipimo ni asili ya nguvu. Nguvu ya shetani mkuu inatoka katika cheo. Jehanamu Tisa ni utawala wenye ngazi: roho ya mtu aliyehukumiwa huanza kama lemure, kiumbe duni asiye na akili, kisha hupandishwa cheo hatua kwa hatua kwa amri ya walio juu yake. Anayepandishwa anaweza pia kushushwa, na hata watawala wa matabaka hawana kinga. Baalzebul aliadhibiwa na Asmodeus kwa udanganyifu wake akageuzwa konokono asiye na gamba, na bado akabaki na tabaka lake la Maladomini. Moloch alinyang'anywa tabaka la Malbolge. Geryon aliondolewa katika tabaka la Stygia, na kiti akapewa Levistus, ambaye anatawala akiwa amegandishwa ndani ya barafu kwa sababu ya kosa la zamani. Bel alikuwa bwana wa Avernus, leo yuko chini ya Zariel. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuuawa ili apoteze nguvu. Amri ya mkubwa ilitosha. Mungu akikosana na wenzake anaweza kupigwa vita, kufukuzwa au kusahauliwa, lakini hapokei barua ya kumvua uungu.

Ndiyo maana nashauri kila msimamizi anayemweka shetani mkuu katika kampeni yake aandike mambo matatu kabla hajafungua ukurasa wa takwimu za mapigano: anatawala tabaka gani, nani anakitamani kiti chake, na kosa gani likijulikana huko Nessus, tabaka la tisa anakokaa Asmodeus, litamwondoa. Kampeni yenye majibu hayo ina njia ya kumshinda mtawala kama Mammon au Belial hata kwa wachezaji wa ngazi ya 8, ambao kwa silaha wasingemaliza naye raundi mbili. Wanahitaji kuiba hati moja na kuifikisha kwa mpinzani wake. Msimamizi asiyeandika hayo anabaki na njia moja, yaani kupigana, na analazimika kuwasubirisha wachezaji hadi ngazi ya 20.

Kuna pia suala la mahali pa kufia, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Kanuni za toleo la tano zinasema shetani akiuawa nje ya Jehanamu Tisa, mwili wake hutoweka, naye hujiunda upya katika tabaka lake akiwa na nguvu zake zote. Akiuawa ndani ya Jehanamu Tisa, ameangamia moja kwa moja. Kwa hiyo pointi 580 za Zariel zina maana mbili tofauti kabisa. Ukipambana naye juu ya uso wa dunia, unazimaliza ili umrudishe nyumbani. Ukipambana naye Avernus, unazimaliza ili kiti kiwe wazi. Wasimamizi wengi husahau kuwaambia wachezaji jambo hili mapema, halafu baada ya ushindi mkubwa wanalazimika kueleza kwa nini adui karudi mzima katika kikao kinachofuata. Wachezaji huona wameonewa, na wana haki. Mweke mtu, kitabu au fununu ya kuwaeleza kanuni hiyo angalau vikao vichache kabla ya pambano.

Tofauti hii ina mzizi wa ajabu katika majina yenyewe. Msomaji wa Biblia anamjua Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, kutoka 2 Wafalme, na Moleki, mungu wa Waamoni. Dis Pater alikuwa mungu wa Warumi, bwana wa walio kuzimu. Hao watatu waliwahi kuabudiwa kweli, na ndio ambao mchezo umewafanya watumishi wa utawala. Asmodeus, ambaye katika kitabu cha Tobiti ni pepo anayewaua waume wa Sara, ndiye pekee kati ya majina haya manne aliyekuja kupewa uungu ndani ya mchezo.

Naam, Asmodeus. Hapa mwandishi wenu ana nusu ya ukweli, na ni vizuri kumpa nusu hiyo. Kitabu cha 1999 kilieleza kwamba umbo ambalo watu hulikuta Nessus si lake halisi. La kweli ni nyoka mkubwa mno aliyelala chini kabisa ya tabaka hilo akivuja damu kutoka katika majeraha ya kuanguka kwake. Kitabu cha 2006 kikaleta masimulizi ya mkataba wa mwanzo kati yake na nguvu za wema, uliompa haki ya roho za waovu. Toleo la nne la 2008 likakata shauri: Asmodeus alimuua mungu aliyekuwa akimtumikia, akautwaa uungu wake. Katika Forgotten Realms, mojawapo ya dunia za kubuni za mchezo huu, alipata uungu kwa kummeza Azuth, mungu wa wachawi. Toleo la tano la 2014 likamwandika katika orodha ya miungu ya ulimwengu huo.

Angalia kwamba katika masimulizi ya 2008 uungu ni kitu alichokitwaa kutoka kwa mwingine. Haukuja pamoja na kiti cha Nessus. Kwa hiyo kusema "Asmodeus ni mungu, basi watawala wengine wanane ni miungu wadogo" ni kuruka hatua. Dispater hajamuua mungu yeyote. Glasya ni binti wa Asmodeus, na hilo linampa nafasi katika ukoo na katika siasa za Jehanamu, lakini halimpi uwezo wa kujibu sala.

Nimelitaja neno sala makusudi, maana hapo ndipo kosa la makala yenu linapoharibu mchezo.

Tuseme mchezaji anataka kuwa kuhani wa Dispater. Msimamizi aliyeambiwa kwamba mashetani wakuu ni miungu wadogo atakubali bila kufikiri, na kwa ngazi nane za kwanza hakuna tatizo litakaloonekana. Kuhani ataponya, atabariki, atapiga. Akifika ngazi ya 9 anapata uchawi wa daraja la 5, na miongoni mwake upo unaomruhusu kumuuliza mungu wake, au mjumbe wa mungu huyo, maswali matatu ya ndiyo au hapana. Sasa ni lazima pawe na anayejibu. Akifika ngazi ya 10 linakuja jambo zito zaidi: kwa kanuni za 2014, kuhani anaweza kumwomba mungu aingilie kati. Anarusha dadu ya mia, na akipata namba isiyozidi ngazi yake, mungu anatenda. Ngazi ya 10 ni nafasi 10 katika 100, ngazi ya 15 ni 15, na ngazi ya 20 hakuna kurusha tena, ombi linajibiwa. Likijibiwa anasubiri siku 7 kabla ya kuomba tena. Kanuni za 2024 zimeondoa bahati hiyo: kuanzia ngazi ya 10 anatumia uchawi wowote wa kikuhani wa daraja lisilozidi 5 bila kugharimia nafasi yoyote kati ya nafasi zake chache za kufanya uchawi, kisha anangoja mapumziko marefu.

Ukisema wakati huo kwamba Dispater si mungu na hawezi kuingilia kati, umempokonya mchezaji kitu alichokifanyia kazi tangu ngazi ya 1. Ukisema anaweza, umemfanya mungu bila kukusudia, na kesho atakuja mwingine anayetaka kumwabudu Titivilus, mtumishi wa Dispater.

Njia zinazofanya kazi ninazozijua ni tatu, na zote huchaguliwa kabla ya karatasi ya mhusika kujazwa. Ninayoipenda ni hii: uchawi wa kuhani huyo unatoka kwa Asmodeus, aliye mungu, na Dispater ni uso tu wa ibada. Inalinda kanuni zote za ukuhani, na inaleta mvutano mzuri sana. Dispater anaishi katika mnara wake wa chuma mjini Dis na hathamini chochote kuliko siri, lakini kila swali ambalo kuhani wake anauliza linasikika Nessus kwanza. Kuhani akilitambua hilo, ana jambo la kuuza.

Njia nyingine ni kumgeuza mhusika awe mchawi wa mkataba. Huyu haabudu, anafanya kazi kwa makubaliano, na vitabu vya 2014 vinawataja Asmodeus, Dispater, Mephistopheles na Belial kati ya wanaoweza kuwa upande wa pili wa makubaliano hayo. Mchezaji aelezwe bei yake. Kuhani wa ngazi ya 20 ana nafasi 22 za uchawi na huzirudisha kwa mapumziko ya saa 8. Mchawi wa mkataba wa ngazi hiyo ana nafasi 4 tu, zote za daraja la 5, lakini huzirudisha kwa mapumziko ya saa 1, na juu yake ana uchawi mkubwa wa aina nne, kila mmoja mara moja kwa siku. Akitaka kuuliza maswali ya ng'ambo, uchawi alio nao unampa maswali matano badala ya matatu, ila ni lazima kwanza afaulu jaribio la akili kwa kupata angalau 15. Akishindwa, anaumizwa kwa dadu sita za pande sita na anachanganyikiwa mpaka apumzike. Tofauti hiyo inaeleza yote: mungu hufungua mlango, shetani mkuu anakuachia uuvunje mwenyewe.

Ya tatu ni kukubali kabisa kwamba katika ulimwengu wako Dispater ni mungu. Si kosa, mradi ubebe gharama yake. Asmodeus hataona mtumishi wake akipata uungu akanyamaza, kwa hiyo umeanzisha vita ndani ya Jehanamu Tisa, na kampeni yako iwe tayari kuvionyesha.

Kuhusu mapigano nitasema kwa ufupi. Wachezaji watano wa ngazi ya 20, kila mmoja akitoa wastani wa pointi 60 kwa raundi, wanamaliza pointi 580 katika raundi mbili. Uwezo wa Zariel wa kurudisha pointi 20 kila zamu husimama akiguswa na madhara ya nuru, kwa hiyo paladini (shujaa mtakatifu) mmoja anautosha. Anachokuwa nacho hasa ni haki ya kuamua mara 3 kwa siku kwamba amefaulu jaribio aliloshindwa, pamoja na uwezo wa kujihamisha katikati ya zamu za wengine. Msimamizi anayemweka peke yake katika ukumbi mtupu anashangaa pambano linapokwisha kabla ya chai kupoa. Mweke na walinzi wanaowalazimisha wachezaji kugawana, asitumie zile mara 3 kwa uchawi mdogo, na awe ameondoka kabla ya kufika theluthi ya pointi zake ikiwa hayuko Avernus na hana sababu ya kubaki. Kiumbe anayeishi kwa cheo na mkataba hapigani hadi tone la mwisho ili kuthibitisha ushujaa.

Nimalizie kwa jambo ambalo huenda ndilo lililomchanganya mwandishi. Pathfinder, mchezo wa Paizo ulioanza 2009 kutokana na kanuni za toleo la tatu, umelijibu swali hili kinyume, na umefanya hivyo kwa utaratibu. Katika toleo lake la kwanza mashetani wakuu ni nusu-miungu kweli: wapo kati ya daraja la ugumu 26 na 30, na wanawapa makuhani wao nyanja 4 za uchawi. Miungu kamili hutoa 5, na haina takwimu za mapigano kabisa, kwa hiyo hakuna dadu ya kuwapiga. Asmodeus yuko upande huo wa pili. Mtu akiyasoma maelezo ya Pathfinder kisha akachukua pointi za uhai kutoka D&D, atafika palepale makala yenu ilipofika.

Jedwali lenu la watawala nalo linahitaji marekebisho mawili kwa msomaji wa toleo la tano: Avernus ni ya Zariel, si ya Bel, na Stygia ni ya Levistus, si ya Geryon.

Wenu,
Msimamizi wa mchezo na msomaji wa gazeti hili